Presha Niliyoiita Salfa

Masasi, Ijumaa jioni

Hilda mwanangu,

Daktari Tabu amesema leo saa nne asubuhi kwamba presha yangu ni mia moja thelathini na nane kwa themanini na sita, na kwamba kwa upande wake haoni sababu ya wewe kutopanda basi kesho. Nilimwomba arudie, maana nilijua utaniuliza maneno yake hasa. Akarudia: "Mwambie binti aende chuo. Mgonjwa ni wewe, si yeye, na hata wewe kwa leo huna ugonjwa wa kumzuilia mtu safari." Sijaongeza wala kupunguza neno.

Habari hiyo umeshaipata kwa mdomo. Ulipoipata uliingia chumbani ukaanza kukunja nguo, kwa hiyo najua umeiamini. Sasa umekwenda kumuaga bibi yako, mama yako yuko jikoni anakaanga korosho za safari, nami nimepata meza. Naandika kwa sababu mdomo wangu una tabia ya kufupisha mambo. Nimelitumia gazeti habari kwa simu ya posta miaka ishirini, mtu wa nyuma yangu anangoja zamu yake na laini inataka kukatika wakati wowote. Ukizoea hivyo, unasema nani, wapi, lini, unaweka simu chini. Kwenye karatasi hakuna wa kunisukuma mgongoni.

Sitagusa mambo ya ndoo, shuka, kufuli la sanduku, wala nani wa kukaa naye karibu ndani ya basi. Mama yako ameyamaliza, mengine ameyamaliza mara nne. Mimi nataka kukusimulia habari ya kichwa changu tangu ilipoanzia, kwa kuwa wewe uliikuta katikati.

Kilianza kuuma mwaka jana mwezi wa sita, kule Mnyambe, kwenye mikorosho ya mjomba wako Hamisi. Nilikuwa nimepanda kumsaidia kupulizia dawa ya salfa, kama ninavyofanya kila msimu. Unaijua kazi yenyewe. Mkorosho ukianza tu kutoa maua, kabla hujaona ule unga mweupe wa ubwiriunga, mashine inapanda mgongoni. Ukingoja mpaka unga uonekane, maua yameshakauka na korosho za mwaka huo umezikosa. Na ni lazima iwe alfajiri, umande ungali kwenye majani, salfa ipate pa kushika. Ukimaliza mistari miwili macho yamekuwa mekundu, koo linawasha, na ukipenga kamasi inatoka ya njano.

Mwezi huo kila mtu Mnyambe ana macho mekundu na kila mtu kichwa kinamuuma. Ukikutana na mtu njiani, baada ya shikamoo na marahaba unaulizwa salfa imekuachaje. Kwa hiyo kichwa changu kilipoanza, jina lake nilikuwa nalo tayari. Sikulitafuta. Nililikuta limekaa pale linaningoja.

Nikashuka nacho Masasi.

Hapa mjini nilikuwa na duka la dawa hatua chache kutoka nyumbani, na hapo ndipo nilipozama zaidi. Wewe ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki mambo yalivyokuwa kabla ya ruksa ya biashara. Dawa ya kichwa ilikuwa hospitali tu, na mara nyingi hata huko hospitali haikuwako. Lakini ulikwenda. Ulikaa kwenye benchi, ukaingia, ukafunuliwa macho, ukaulizwa umeanza lini, pengine ukafungwa mashine ya mkononi. Ulirudi umeangaliwa, bila dawa. Siku hizi maduka yapo kila mtaa, tunarudi na dawa bila kuangaliwa. Duka la kwanza lilipofunguliwa mtaani kwetu, habari yake niliiandika mimi. Ilikuwa habari ya furaha na ilikuwa ya kweli. Watu waliokuwa wakihangaika kutafuta vidonge vya malaria waliacha kuhangaika. Sehemu ya pili ya habari hiyo sikuiona wakati ule, kwa sababu ilikuwa bado haijanipata mimi.

Muuza dawa wetu ni kijana mwema, ana adabu. Tulifika mahali hatukuhitaji tena mazungumzo marefu.

"Shikamoo mzee. Za kichwa?"

"Marahaba. Za kichwa."

"Salfa bado?"

"Salfa hiyo hiyo."

"Hiyo ya Mnyambe kali. Nikuongezee na za mgongo?"

"Mgongo hauniumi."

"Utauma tu, mzee, kwa hizo mashine mnazobeba."

Nikachukua na za mgongo.

Kisha macho yakaanza kuniletea ukungu. Herufi za gazeti zikawa zinaungana, hasa jioni. Hilo nalo nikalihesabu ni salfa. Kwa kuwa mitumba nayo imekuja na kila kitu kilichowahi kuvaliwa duniani, nilikwenda gulioni nikapekua rundo la miwani, nikajaribu moja moja nikisoma maandishi ya gunia la chumvi lililokuwa mbele yangu. Nikapata iliyonifaa kidogo, fremu nyekundu, imepinda pembeni kama jicho la paka. Mama yako aliponiona mlangoni aliweka sufuria chini kwanza.

"Baba Hilda, hiyo ni ya mwanamke."

"Ni ya kusomea."

"Ni ya mwanamke anayesoma."

Niliivaa kwenye vikao vitatu vya halmashauri, mpaka diwani mmoja akaniomba kwa heshima niketi nyuma, kwa sababu wenzake walikuwa hawawezi kuchangia hoja. Nilicheka nao. Ukungu ulibaki pale pale.

Wewe uliporudi kutoka kwa shangazi yako Mtwara, mwezi wa kumi na mbili, ulinikuta nimekaa ukumbini na kitambaa cha maji kichwani. Ulisalimia, nikaitika, ukauliza kinauma tangu lini.

"Tangu salfa," nikasema.

"Salfa mlimaliza lini, baba?"

"Mwezi wa tisa."

"Na huu ni mwezi wa ngapi?"

Swali hilo nimewauliza watu wengi kwa miaka mingi. Ulisema lini barabara itakamilika? Na leo ni lini? Ni swali la kwanza tunalofundishwa, na nimeona wakubwa wakitafuta miwani yao mfukoni linapoulizwa. Siku ile miwani yangu ilikuwa puani, nyekundu, na sikuwa na pa kutazama. Hukucheka, na hapo nikajua hali si nzuri.

Hukunibembeleza twende hospitali. Uliniambia unakwenda kupimwa kwa ajili ya chuo, na ungependa nikusindikize. Mpaka leo sijui kama ulipanga. Daktari Tabu alikupima, akakuambia uko sawa, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama karibu na dirisha.

"Na huyu mzee?"

"Mimi ni msindikizaji tu."

"Msindikizaji hana mkono?"

Nikatoa mkono. Alipima, akasubiri, akapima mkono wa pili. Aliandika mia moja tisini kwa mia moja na kumi na tano. Akaniuliza nimekujaje. Nikasema kwa baiskeli, binti nyuma. Akasema baiskeli itarudi na binti, mimi nitakaa.

Ulitolewa nje alipokuwa ananiangalia macho kwa kile kitochi chake, kwa hiyo mazungumzo yaliyofuata huyajui. Aliniambia salfa huwasha macho na koo na mtu akioga akapumzika inaondoka. Haikai mpaka Krismasi. Presha ndiyo inayokaa. Alisema mishipa midogo nyuma ya macho yangu imeanza kuonyesha dalili zake. Nikamwuliza, kama ninavyouliza siku zote, kitatokea nini ikiachwa. Akasema hana ahadi ya tarehe, ila macho yanaweza kwenda, au upande mmoja wa mwili, au vyote siku moja. Nikamwuliza na ikishushwa. Akasema anategemea ukungu mwingi utaondoka, na kwamba watu wengi wenye presha hawaumwi hata kichwa. Mimi nina bahati kimeniuma, la sivyo nisingefika hospitali.

Kisha akaniuliza babu yako alikufa kwa ugonjwa gani.

"Hakuugua," nikasema. "Alianguka."

"Alianguka kutoka wapi?"

Nilikuwa nimelieleza jambo hilo maisha yangu yote kwa neno hilo moja, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Ikabidi nimjibu kweli. Hakuanguka kutoka popote. Alikuwa amesimama shambani kwake Lupaso, mchana, anazungumza na jirani kuhusu nguruwe pori. Alianguka kutoka kwenye miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa Chidya, shule, nikaitwa. Mazishini wengine walisema ametupiwa kitu, wengine wakasema jua. Kila mmoja alikuwa na jina lake tayari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akipimwa.

Daktari Tabu aliandika kitu, akasema: "Basi na yule binti asiishie kupimwa kwa ajili ya chuo." Nakupa maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu yanakuhusu wewe kuliko mimi.

Yaliyofuata tulikuwa wote. Ulisema huendi chuo. Ulisema utakaa unipe vidonge na unipike chakula kisicho na chumvi, na ualimu utasubiri. Mama yako alilia kidogo, mimi nikapaza sauti, na mambo yote hayo mawili, nasikia, hupandisha presha. Ndipo akaitwa mjomba wako, kwa kuwa kwa mila ya upande wa mama yako wewe ni mtoto wake kabla hujawa wangu, na neno lake ndilo la mwisho. Alishuka kutoka Mnyambe na mfuko wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, akala nusu yake peke yake huku akitusikiliza, kisha akasema:

"Shemeji, ua likichomoza tu kwenye nkorosho unanikuta saa kumi na moja mashine mgongoni. Ugonjwa hujauona hata kwa macho. Nani anakulazimisha?"

"Hakuna."

"Na mashine ya huyo daktari inabebwa mgongoni?"

"Inafungwa mkononi. Umekaa kwenye kiti."

"Kwenye kiti," akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya wizi.

Mama yako akamgeukia. "Na wewe, kaka, umepimwa lini?"

"Mimi siumwi."

"Ndivyo alivyokuwa akisema baba Hilda."

"Baba Hilda alikuwa anasema salfa."

"Na wewe macho yako mekundu ya nini? Huu mwezi wa salfa?"

Hapo wewe ulicheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na mjomba akaona afadhali atoe hukumu kabla mambo hayajamfikia zaidi. Uamuzi, alisema, aachiwe daktari. Chuo kimekubali uchelewe wiki mbili. Presha ikishuka ndani ya wiki hizo, unaondoka. Isiposhuka, unabaki, na nafasi yako apewe mwingine. Akamalizia ming'oko.

Nataka ujue nilivyozitumia wiki hizo, kwa sababu kuna siku mbili sikukuambia vizuri.

Siku ya nne kichwa kiliacha kuuma. Niliamka asubuhi nikasikia jogoo tu, hakuna nyundo. Nikajua nimepona, nikaacha vidonge. Nilipokwenda kupimwa wiki ile, nilifika mapema makusudi nikalala chali kwenye benchi la nje, mikono kifuani, nikipumua polepole, ili mashine inikute mpole. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza kama nimeshasajiliwa au nahitaji padre. Presha ilikuwa imepanda.

"Vidonge unameza?" Daktari Tabu akauliza.

"Nilikuwa nameza. Nimepona."

"Nani amekuambia umepona?"

"Kichwa."

"Ni kichwa kile kile kilichokuambia ni salfa?"

Tangu siku hiyo nameza kila asubuhi kama anavyosema, niwe naumwa au siumwi. Chumvi nimepunguza, samaki wa chumvi nimewaachia majirani, na mboga ya mama yako ina ladha ya mvua. Nikirudi kutoka mkutanoni naikokota baiskeli badala ya kuipanda, nipate kutembea. Leo asubuhi sikulala kwenye benchi. Nilikaa, nikatoa mkono, nikasoma namba mwenyewe kwa macho yangu, bila ile miwani. Zilionekana.

Nilipokuwa nangoja, siku ilikuwa ya kliniki ya watoto. Akina mama walijaa ukumbi mzima, wengine wametoka Mkuti na mbali zaidi, mtoto mmoja mmoja ananing'inizwa kwenye mizani akipiga kelele, ananukuliwa uzito, anashushwa. Karibu wote walikuwa wazima. Hakuna aliyeona ajabu kumtembeza mtoto mzima asubuhi nzima ili aambiwe ni mzima. Wewe nawe ulipelekwa hivyo. Mama yako alikubeba kila mwezi, mvua au jua, na mwezi mmoja mizani ilisema hukuongezeka, hakuna mtu aliyekuwa ameona kwa macho, ukapewa uji wa karanga na ukarudi kwenye mstari wa kadi yako. Kisha ukatimiza miaka mitano, na sisi wote tukafanya kama mtoto amehitimu. Tangu hapo mtu wa huku haonekani hospitali mpaka abebwe. Sijui nani alituambia mwili ukifika miaka mitano unajitunza wenyewe. Nimeuliza leo ukumbini na hakuna aliyejua.

Ndiyo sababu sikuombi uwe mwangalifu. Neno hilo halifanyi kazi yoyote. Nakuomba jambo moja linaloweza kuandikwa lini na wapi. Ukishafika Morogoro na kupata kitanda, uliza mganga anayehudumia chuo yuko wapi. Usingoje malaria ikuonyeshe njia. Nenda siku ambayo huna kitu. Atakuuliza unaumwa nini. Mwambie huumwi, umekuja apime presha, na kwamba baba yako anayo na babu yako alianguka akiwa amesimama. Aangalie na damu na macho. Meno pia, kwa sababu mimi nimeng'olewa manne ambayo yangezibwa kama ningefungua mdomo mapema. Wenzako watakucheka kidogo. Nimeketi mbele ya madiwani na fremu nyekundu usoni. Kuchekwa hakuna madhara.

Na ukisikia kitu kipya mwilini, kabla hujakipa jina, kihesabu. Kimeanza lini, na leo ni lini. Swali ni lako, ulinifundisha wewe.

Upande wangu, usijipe kazi ya kuniuguza kwa barua. Usiniulize kila wiki kama nimemeza. Umeahirisha safari mara moja kwa ajili yangu, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoonyesha kwamba ungepoteza nafasi kwa sababu ya mtu aliyekataa kukaa kwenye kiti na kutoa mkono. Macho haya nayahitaji nisome matokeo yako. Kuyatunza ni kazi ya mwenye macho. Ukisikia kutoka kwa yeyote kwamba kichwa kimeniuma tena, maliza kipindi chako darasani kwanza. Mimi nitakuwa nimeshakwenda kupimwa.

Mama yako ameniita nionje korosho. Nimemuuliza kama zina chumvi. Amesema nusu zina, nusu hazina, na nusu isiyo na chumvi ndiyo yangu.

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Daktari Tabu amenipa siku yangu nyingine: Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi. Mama yako atapimwa siku hiyo, amekubali leo mchana bila kusukumwa sana. Mjomba wako anashuka kutoka Mnyambe Jumapili, alale hapa, apimwe naye. Amesema anakuja kumsindikiza dada yake tu, na hatukubishana. Jumatatu hiyo, saa mbili hiyo hiyo, nawe uwe umekaa kwa mganga wa chuo, mkono mezani.

Baba yako